Mpungie Bibi Mkono

Pale Skelbeck kuna bibi mmoja anapelekwa motoni, na mpaka leo hajafika. Miaka mia sita na ushee yuko njiani tu. Utamkuta ndani ya kanisa la Mtakatifu Oswin, juu ukutani, kwenye tao linalotenganisha mabenchi na madhabahu. Amechorwa kwa udongo mwekundu na masizi, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, jagi mkononi, na shetani mwenye masikio ya popo amembeba begani kama gunia la viazi. Nyuma yake anakuja askofu, kofia na kila kitu, anachomwa makalio kwa uma. Lakini askofu huyo hakuna anayemsema. Hana wajukuu pale kijijini. Bibi anao.

Wajukuu zake, kwa hukumu ya kijiji, ni akina Iveson wenye baa ya Jagi Jeusi, inayotazamana na geti la makaburi. Ukiuliza ushahidi utaambiwa: jagi, na pua. Akina Iveson wote wana pua moja, ndefu, yenye nundu katikati, na bibi wa ukutani anayo. Basi, kesi imekwisha. Bibi alikuwa muuza pombe, alipunja vipimo, na sasa anaenda kujibu. Mtoto wa Iveson akianza shule, hata kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi, ameshaambiwa bibi yake yuko wapi.

Bingwa wa utani huo alikuwa Edwin Raistrick. Sasa hivi ni mtu wa miaka sitini na kitu, mfugaji wa kondoo na mzee wa kanisa kama baba yake na babu yake, mwili kama kabati na moyo laini kama mkate wa leo. Lakini naye zamani alikuwa mtoto. Jumapili moja watoto walikusanywa chini ya mchoro, kasisi wa wakati huo akawaeleza habari za dhambi, watoto wote wakamgeukia Thora Iveson, na Edwin akapaza sauti hadi popo wakashtuka mnarani: "Thora, mpungie bibi mkono!"

Hata kasisi alicheka. Thora hakupunga. Aliokota kofia yake, akatoka, na hakurudi tena. Ndoa alifungia mjini kwa msajili. Mumewe alipofariki alimzika mjini vilevile. Jumapili kengele ikilia, yeye yuko mlangoni pa baa anafagia, na ukisikia lile fagio utadhani linashindana na kengele.

Msidhani hawasemeshani. Kijiji chenye baa moja huwezi kumnunia mwenye baa. Edwin anakunywa pale kila Ijumaa.

"Ya kawaida?"

"Ya kawaida."

"Mvua."

"Ndiyo, mvua."

Ni hivyo tangu wakiwa vijana. Mvua tupu.

Sasa, kilichomnyima Edwin usingizi mwaka ule hakikuwa bibi. Kilikuwa duara.

Kila mwaka mwezi wa nane, Jumapili ya Mtakatifu Oswin, watu wa Skelbeck hulikumbatia kanisa lao. Wanalikumbatia kweli, kwa mikono. Ibada ikiisha wanatoka nje, wanashikana mikono kulizunguka, nyuso zimeelekea ukutani, wanaimba wimbo mmoja, kisha wanasogea wote kwa pamoja mpaka pua zinanusa mawe. Kasisi yuko chini ya mnara, ameshika kamba ya kengele kubwa, anasubiri. Duara likifungika, watu wanapiga kelele, yeye anaivuta, na wote wanakwenda kula. Lisipofungika, kengele haipigwi. Ndiyo sheria. Hakuna anayejua aliyeitunga, kwa hiyo hakuna wa kumwendea aibadilishe. Kuna mwaka waliziba pengo kwa kamba ya kufungia ng'ombe, na wazee waliguna wiki nzima.

Kengele ile ilikuwa haijapigwa siku hiyo tangu mwaka wa ugonjwa wa miguu na midomo, kondoo walipochomwa kwa marundo na familia nyingi zikauza mashamba zikaondoka. Nyumba zao sasa ni za watu wa mwisho wa wiki, wanaokuja na mbwa waliovaa makoti. Pengo likawa linapanuka mwaka hadi mwaka, na siku zote liko palepale: upande wa kaskazini, penye kivuli na ukungu wa kijani, mahali pa akina Iveson. Maana kila ukoo una sehemu yake ya ukuta. Raistrick husimama kando ya mlango mdogo wa kaskazini, na mkono wa kushoto wa Raistrick, kwa desturi, ni wa kumshika Iveson. Zamani, watu walipokuwa tele, yeyote aliingia hapo. Miaka hiyo ya karibuni mkono wa Edwin ulikuwa unashika upepo.

Na mwaka ule akaja arkidikoni. Huyo ndiye mtu wa askofu wa mambo ya majengo. Akionekana barabarani, wazee wa kanisa hukimbia kuficha ndoo zinazokinga maji ya paa.

"Makanisa matano, kasisi mmoja," alisema, akitazama juu kwenye boriti. "Kasisi Judith anakimbia kama mbwa wa kuchunga. Mawili lazima tuyafunge. Nitakuja siku yenu ya kukumbatia, nione mwenyewe kama jengo hili lina watu au lina popo."

"Popo tunao, mheshimiwa," Edwin alisema. "Wanahudhuria kuliko sisi. Shida yao hawatoi sadaka."

Arkidikoni alitabasamu kwa adabu akaandika kitu kwenye karatasi zake. Edwin naye alicheka, lakini akirudi nyumbani alipitia makaburini. Baba yake amelala pale kaskazini mwa mnara. Babu yake, kando. Na aliwahi kuona kanisa la bonde la pili lilivyofungwa: lilinunuliwa na watu wa mjini, na sasa penye madhabahu pana kitanda cha wageni na runinga.

Kule ndani, kazi ya mchoro ilikuwa inaendelea. Paa lilikuwa limevuja majira ya baridi, maji yakamchuruzikia bibi mpaka kwenye jagi, na chama kimoja cha wapenzi wa michoro ya kale kikamleta msichana kutoka Wales kuja kuutunza. Aliitwa Gwenno. Alikaa juu ya jukwaa la vyuma siku nzima, taa kichwani kama mchimba migodi, anapangusa ukuta kwa pamba kama anayemnawisha mgonjwa uso. Kila siku saa nne asubuhi Edwin alimpelekea chai na kipande cha tati, ile keki ya jibini anayooka mama yake.

Siku moja Gwenno hakuifuata chai.

"Bwana Raistrick, hebu panda huku."

"Binti, mimi na ngazi tuliachana kwa amani. Usiturudishe mahakamani."

"Panda. Chai naimwaga usipopanda."

Edwin akapanda, anahema, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye maombi. Ndipo alipomwona bibi kwa karibu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kutoka chini alikuwa pua na jagi tu. Huku juu alikuwa mtu. Alikuwa na vinyweleo vya nyusi, kimoja kimoja.

"Kona hii nyeupe ya pembeni," Gwenno akasema, "nyie mnaisemaje?"

"Unyevu uliila. Baba ndiye aliniambia. Naye aliambiwa na babu."

"Unyevu hauna brashi." Akamulika. "Ona hizi alama. Mchoro wote ulifunikwa zamani zile wafalme walipokataza picha makanisani, si ndiyo? Kisha akaja kasisi mmoja mpenda mambo ya kale akaufunua."

"Wakati wa babu wa babu yangu. Yeye ndiye alikuwa mzee wa kanisa. Jina lake limechongwa kwenye benchi la mbele."

"Sawa. Sasa chokaa ya zamani iko tabaka tabaka, ngumu. Hii ya kona hii ni ya juzi juzi ukilinganisha. Mtu aliifunua kona, akaona kilichopo, akaifunika tena. Na alikuwa na haraka, hata hakuikoroga vizuri. Tazama nilichokikuta."

Alikuwa amefungua mahali kama ukubwa wa sinia. Palikuwa na kondoo. Kondoo amebebwa mabegani mwa mtu, miguu imefungwa, amefumbua mdomo kama analalamika. Kwenye ubavu wake mchoraji alitia alama ya duara ya buluu, imesuguliwa ikaachwa nusu, na juu yake, nyekundu mbichi, mistari miwili iliyopishana kama mkasi.

Edwin alitazama alama ile. Akageuza shingo akatazama nje ya dirisha. Kondoo wake walikuwa wanakula majani makaburini, maana ndio wanaofyeka pale bure, na kila mmoja alikuwa na mistari miwili myekundu imepishana begani. Alama ya shamba la Raistrick. Ilikuwapo kabla ya nyumba, kabla ya barabara.

"Huyu aliyembeba," Edwin akauliza polepole, "anaenda wapi?"

"Mguu wake nimeuona. Uko ndani ya mnyororo mmoja na bibi mwenye jagi. Wameongozana."

Popo mmoja akajikuna.

"Mwizi wa kondoo," Edwin akasema.

"Na hajui hata kufuta alama ya mwenye kondoo vizuri," Gwenno akasema, kisha akajizuia. "Samahani. Sikiliza, Bwana Raistrick. Ruhusa yangu inaishia kwenye ufa ule. Kufungua kona nzima lazima mzee wa kanisa akubali. Ukisema niache, nitapitisha chokaa kidogo hapa, patarudi kama palivyokuwa. Mimi mdomo wangu mzito."

"Kuna mtu angejua?"

"Hakuna."

Edwin alishuka, na chai akainywa yeye.

Mama yake, Annis, ana miaka tisini na moja na masikio mabaya, lakini aibu ya mtu anaisikia kutoka chumba cha pili. Alimtazama mwanawe akizungusha kijiko kwenye supu.

"Umemgonga nani?"

"Sijamgonga mtu, Mama."

"Basi kondoo wamekufa."

Edwin akamweleza. Bibi kizee aliweka kijiko chini, akafunika mdomo kwa kitambaa, mabega yakaanza kutikisika. Edwin alidhani analia, akainuka amshike. Kumbe anacheka mpaka meno yanataka kutoka.

"Raistrick!" akasema alipopata pumzi. "Baba yako! Alivyokuwa anaingia kanisani kifua mbele, anampa kila Iveson jicho! Miaka sabini nimepika kwenye nyumba ya wezi, na hakuna aliyeniambia."

"Na wewe ni Raistrick, Mama."

"Mimi ni Calvert, tafadhali. Nimeolewa tu."

Akajifuta macho. Halafu akamtazama mwanawe kwa namna nyingine.

"Babu wa babu yako aliona haya akashika brashi. Nawe unafikiria brashi?"

"Nafikiria arkidikoni, Mama. Jumapili ya kukumbatia ndiyo hii inakuja. Kanisa limening'inia kwenye uzi, halafu watu wajue mzee wake ni mzao wa wezi? Watasema huyo ndiye ameshika ufunguo?"

"Wataacha kuja? Wangapi hao unaogopa wataacha kuja, Edwin? Wataje."

Edwin akaanza kuhesabu kwa vidole. Kwa kweli orodha ilikuwa fupi.

"Kafunue," Annis akasema. "Na kwa Thora uende mwenyewe, kabla ya mtu yeyote. Akiisikia kwa mtu mwingine itakuwa umbea."

"Akiisikia kwangu itakuwa nini?"

"Sijui. Raistrick hajawahi kujaribu."

Jagi Jeusi mchana ule lilikuwa na wateja wawili wazee na mbwa mmoja. Thora alikuwa nyuma ya kaunta anakausha glasi, nywele nyeupe zimebanwa kwa penseli, pua imetangulia kama kawaida.

"Leo Ijumaa?" akauliza.

"Jumanne."

"Basi kuna msiba. Nani?"

"Hakuna. Nimekuja… Thora, ule mchoro."

Kitambaa kikasimama ndani ya glasi.

"Umeniletea salamu za bibi?"

"Hapana. Nimekuletea za babu. Babu yangu. Yuko pale."

Thora akamtazama, anasubiri sehemu ya kuchekesha, maana mtu huyu alimjua. Haikuja. Edwin akaendelea kama mtu anayeshuka kilima na gari lisilo na breki: ile kona nyeupe, brashi, kondoo, mkasi mwekundu, mnyororo.

"Mnyororo mmoja na bibi?" Thora akauliza.

"Mmoja."

"Nani yuko mbele?"

"Bibi kabebwa. Huyu wangu anatembea kwa miguu."

"Na kondoo begani."

"Na kondoo begani. Hajui hata kufuta alama."

Mzee mmoja alikohoa ndani ya bia. Thora hakucheka. Aliiweka glasi rafuni, akaisogeza kidogo ikae sawa na wenzake.

"Nani anajua?"

"Yule binti wa Wales, Mama, na sasa wewe. Na hawa wawili na mbwa."

"Unaweza kuifunika tena."

"Naweza."

"Mbona hufuniki?"

Edwin aligeuza kofia yake mikononi mara nyingi. "Ile siku," akasema, "uliokota kofia yako kwanza. Wote tunacheka, wewe unaokota kofia, unaikung'uta vumbi. Sijui kwa nini nakumbuka kukung'uta."

Mbwa alipiga miayo. Thora akashika kitambaa upya.

"Ya kawaida?" akauliza.

"Leo si Ijumaa."

"Kunywa, Edwin. Unatetemeka kama kondoo aliyenyolewa vibaya."

Kesho yake asubuhi Gwenno alikuwa ameshaanza kuifungua kona nzima, kwa idhini. Mlango mkubwa ukalia, ule mlio wake wa kukwaruza, na Edwin akageuka akidhani ni Kasisi Judith. Alikuwa Thora. Amevaa aproni na viatu vya nyumbani, kama mtu aliyetoka mara moja kutupa taka akajikuta amevuka barabara. Alisimama kwenye kizingiti muda. Hakuna aliyemkaribisha, na pengine ndiyo maana aliingia.

"Ngazi hii inabeba?" akauliza.

"Imembeba yeye," Gwenno akajibu, akimwonyesha Edwin kwa kidole.

"Basi inabeba ng'ombe."

Akapanda. Edwin akapanda nyuma yake, ikawa wazee wawili juu ya ubao, magoti yanalia. Thora alimkaribia bibi hadi pua ikawa mbele ya pua.

"Anacheka," akasema.

"Nani?"

"Bibi. Mmekaa huko chini mkaniambia analia. Huyu anacheka, hebu tazama mdomo. Na jagi hakulishika tu. Ameliinamisha. Anamimina."

Gwenno akasogeza taa. Kweli. Mstari mwembamba wa rangi ya dhahabu ulikuwa unatoka kwenye jagi, unapita juu ya mnyororo, unaingia kwenye kona iliyokuwa nyeupe jana. Na huko, chini ya kondoo, mtu wa Raistrick alikuwa amenyoosha mkono wake mmoja usioshika kondoo, na mkononi ana bakuli.

Thora akageuka taratibu.

"Edwin Raistrick."

"Naam."

"Hata motoni mmekuja kunywa kwetu."

Hapo ndipo akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekibana tangu utotoni, kikubwa, kikagonga boriti kikarudi, popo watatu wakatoka kwenda kutafuta kanisa lenye utulivu. Gwenno alishika jukwaa. Edwin alicheka mpaka akakaa chini.

Waliposhuka, Thora alikung'uta aproni.

"Jumapili duara lenu halitafungika," akasema.

"Najua. Ukija wewe na vijana wako…"

"Sijasema nakuja. Nimekuja kumtazama bibi." Akafika mlangoni. "Na Jumapili nina wateja."

Mlango ukakwaruza ukajifunga.

Jumapili ilipofika mawingu yalikuwa yamekaa juu ya kilima kama wageni wasiojua kuaga. Habari ya kona ilikuwa imeenea hadi bonde la tatu, kwa hiyo watu wengi kidogo kuliko kawaida walikuja kumcheka Edwin ana kwa ana.

"Edwin, nimehesabu kondoo wangu kabla ya kuja!"

"Umefanya vizuri. Hesabu na ukirudi."

Arkidikoni alikuja na baiskeli, kofia ngumu kichwani, karatasi kwenye ubao kifuani. Ibada ikaisha. Kasisi Judith akaenda kushika kamba yake chini ya mnara, watu wakatoka, wakaanza kushikana. Wakanyoosha mikono. Wakanyoosha zaidi. Edwin alikuwa mahali pake kando ya mlango mdogo. Mkono wa kulia alimshika mama yake, aliyeletwa na kiti chake cha magurudumu na blanketi. Mkono wa kushoto aliunyoosha kama baba yake alivyomfundisha. Baada ya vidole vyake kulikuwa na ukuta mtupu, ukungu wa kijani, majani marefu, na mbali kule kwenye kona, Gwenno akiwa amenyoosha mkono wake naye. Katikati yao ungepitisha trekta na tela lake. Na kando ya kaburi moja la jirani, arkidikoni alikuwa amesimama anaandika.

Wakaimba hata hivyo. Sauti ilikuwa nyembamba. Edwin alikuwa ameelekea ukutani, kama desturi inavyotaka, anasoma jiwe lililo mbele ya pua yake, akijiambia basi, angalau tumeimba, ndipo mkono ukaingia ndani ya mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umelowa, na unanuka sabuni ya vyombo.

Hakugeuka. Aliogopa.

"Usinibane," Thora akasema. "Nina baridi yabisi ya vidole."

"Wateja je?"

"Nimewaambia kaunta imefungwa hadi wimbo uishe. Anayetaka bia aje aimbe."

Sasa Edwin akageuka. Nyuma ya Thora walikuwa wanawe wawili, wanene, wamejaa haya. Kisha mpishi wa baa na mwiko mfukoni. Kisha wale watu wa pikipiki wanaosimama pale kila Jumapili, wamevaa ngozi nyeusi toka juu hadi chini, ndevu hadi kifuani, wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Kisha mke na mume watembea milimani ambao walikuwa wamekuja kuuliza njia tu, matope hadi magotini.

"Huu wimbo una maneno?" jitu moja la pikipiki likauliza.

"Fungua tu mdomo," Thora akasema. "Ndivyo wanavyofanya wote hapa."

Mstari ukasogea, ukazunguka kona, ukamfikia Gwenno. Karibu. Mtembea milima akanyoosha, Gwenno akanyoosha, akasimama mguu mmoja. Vidole vyao viliachana kwa nafasi ya mtu mmoja, hivi hivi tu.

"Bado mmoja!" Gwenno akaita.

Watu wakatazamana. Ndani ya mnara sauti ya Kasisi Judith ikasikika: "Nivute?"

"Bado!" wakajibu wote.

Ndipo Annis alipoinuka kidogo kwenye kiti chake. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa imewaamuru kondoo milimani kabla wote waliokuwa pale hawajazaliwa.

"Wewe kijana! Wewe mwenye kofia ya baiskeli!"

Arkidikoni akajigusa kifuani. "Mimi, mama?"

"Weka hiyo karatasi chini, lete mkono. Mtu mzima unasimama hapo kama jiwe la kaburi."

Arkidikoni alitazama karatasi zake, akamtazama Gwenno aliyesimama mguu mmoja. Akaulaza ubao wake juu ya kaburi, akatembea haraka kidogo, akaweka mkono mmoja kwenye mkono wa Gwenno na mwingine kwenye mkono wenye matope wa mtembea milima.

Ilichukua muda kidogo habari kuzunguka. Ilianzia pale kwenye kona, ikapita kwa watu wa pikipiki, kwa wana wa Thora, ikapita mikononi kama mbano mdogo: Thora akambana Edwin, pamoja na yabisi yake yote, Edwin akambana mama yake, ikaenda kusini kwenye jua, ikarudi. Wakasogea wote mbele pua hadi kwenye mawe. Na mtu akapiga kelele, na Kasisi Judith akavuta.

Watoto wa kijiji hawakuwahi kuisikia kengele kubwa siku ile ya mwaka. Kondoo wote walikimbia. Wazee kadhaa walikumbuka ghafla kwamba vumbi limewaingia machoni. Arkidikoni alisimama shavu karibu na ukungu wa kijani, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuangukia karatasi zake kule kaburini.

"Mheshimiwa, maandishi yako yanalowa," Edwin akamwita.

"Naona," arkidikoni akasema. "Nimeshikwa mikono yote miwili."

Baadaye wakaingia ndani kula, pai za nyama, tati za Annis na chai ya birika kubwa, na pipa moja ambalo wana wa Thora walilivingirisha barabarani bila kuambiwa na mtu. Arkidikoni, mdomo umejaa pai, alimuuliza Kasisi Judith mwakani sikukuu itaangukia tarehe ngapi, naye akamwandikia kwenye kiganja kwa sababu karatasi zilikuwa uji.

Thora alikuwa amesimama chini ya tao, kikombe mkononi, anatazama juu. Edwin akaja akasimama kando yake. Kona ilikuwa wazi yote sasa. Bibi anamimina, mwizi amekinga bakuli, kondoo analalamika, na askofu nyuma yao amenyoosha shingo kama anayeuliza kama limebaki tone.

"Edwin," Thora akasema.

"Naam."

"Mpungie babu mkono."

Watu waliokuwa karibu wakageuka. Edwin Raistrick, mzee wa kanisa, mtoto wa mzee wa kanisa, akaweka sahani yake kwenye benchi lenye jina la babu wa babu yake. Akainua mkono, akapunga. Alipunga vizuri, mkono wote, kama mtu aliye stesheni.

Kanisa zima likacheka. Na katikati ya kicheko hicho mkono wa Thora nao ulipanda kidogo, kumwelekea bibi, haraka, kama mtu anayefukuza nzi.